Akina Mama Waliokaa Chini Bandarini

Jambo moja ambalo mama yangu alijivunia maisha yake yote ni kwamba aliwahi kulirudisha nyuma lori la Mwingereza kwa kukaa kitako. Hakupiga kelele wala hakutupa jiwe. Alitandika mkeka njiani, akakaa, na lori likashindwa kupita.

Siku hiyo mimi nilikuwepo lakini sikumbuki kitu, kwa sababu nilikuwa mtoto wa kubebwa. Niliyoyajua niliyajua kwa kusikia, na niliyasikia mara nyingi hata nikaona kama kwamba niliyashuhudia. Mama na jirani yetu wa juu walikuwa wakikaa uani kila alasiri wakishona kofia. Mkono ukishaizoea sindano, mdomo huwa hauna kazi, basi wakisimulia. Mmoja akianza, mwenzake akimsahihisha, na mara nyingi wakiishia kugombana juu ya nani alikuja na mkeka na nani alikuja na jamvi.

Jirani huyo ndiye aliyekuwa mwenye nyumba. Nyumba yenyewe ilikuwa mtaa wa Malindi, katika uchochoro unaoteremkia bandarini. Mbele palikuwa na duka la mumewe, la mchele na sukari na mafuta ya taa. Nyuma ya duka vilikuwepo vyumba viwili tulivyopanga sisi, na juu wakikaa wao. Asili yao ilikuwa Uarabuni, ingawa bibi yake mzaa mama alikuwa mtu wa Bwejuu, na akikasirika maneno ya Bwejuu yalimtoka bila ya kujijua. Asili yetu sisi ni bara. Babu yangu alikuja kuchuma karafuu, akasalia. Baba yangu alikuwa kuli bandarini. Mama na bibi yule waliitana shoga, na mimi nilimwita Mama Mdogo, maana ndivyo nilivyofundishwa tangu nilipoanza kusema. Yeye na mumewe hawakujaaliwa mtoto. Nikila juu, nikilala chini.

Mgomo wenyewe ulianza kwa jambo dogo. Makuli walikuwa wakipakua meli mchana kutwa, na walichopewa hakikutosha hata kulijaza kapu la sokoni. Walipeleka maneno yao kwa wakubwa, wasisikilizwe. Basi asubuhi moja hawakwenda kazini. Hawakumfuata mtu kumpiga, hawakuchoma kitu. Walikaa barazani kwao wakicheza bao. Kesho yake madobi nao wakaweka pasi chini, wapishi wa majumba ya Wazungu wakavua aproni wakarudi kwao Ng'ambo, na wasukuma magari ya mkono wakayapindua magari yao wakayalalia. Baba alikuwa akisema kuwa mji ulikuwa kimya hata mtu akiwa Mkunazini akisikia bahari.

Meli zikalala nje, zimejaa. Serikali ikaingiwa na wasiwasi, ikawatafuta watu wa shamba wenye njaa zao, ikawapakia malorini kuja kufanya kazi ya makuli. Hapo ndipo habari ya mama zetu inapoanzia.

Wazo lilikuwa la nani, hilo hawakukubaliana hata siku moja. Mama alisema ni la mama mmoja wa Funguni aliyekuwa akiuza samaki wa kukaanga mlangoni mwa bandari. Mama Mdogo alisema ni lake mwenyewe. Waliafikiana tu juu ya maneno yaliyosemwa: "Tukisimama watasema tumekuja kupigana. Tukikaa, watasema nini?"

Basi wakatoka na mabuibui yao, wake wa makuli na wake wa wenye maduka, wauza vitumbua na wasuka ukili, wakatandika njia nzima ya kuingilia bandarini, wakakaa. Mama alinifunga mgongoni. Mama Mdogo alikaa ubavuni pake. Yule mama muuza samaki alikaa mbele kabisa na mwanawe wa kiume kampakata, mtoto mkubwa wa kwenda chuoni kusoma Kurani ambaye miguu yake ilikuwa mirefu kuliko mapaja ya mama yake. Mtoto alikuwa akiona haya, anataka kushuka, na mama yake kamkamata.

Lori la kwanza likaja, likasimama. Mzungu aliyekuwa mbele akashuka, akatazama, akaamrisha askari wawaondoe. Askari wenyewe ni watu wa hapa hapa. Kwetu mtu hamruki mwenzake aliyekaa, seuze mama mtu mzima. Askari mmoja alimwinamia Mama, akasema kwa sauti ndogo, "Mama, inuka, nnakuomba."

"Miguu inaniuma, mwanangu," Mama akamjibu. "Nnapumzika."

"Utapumzika mpaka lini?"

"Mpaka ipoe."

Jua likapanda. Dereva akazima mota. Watu wa shamba waliokuwa nyuma ya lori wakaanza kuteremka mmoja mmoja, wakaomba maji, wakapewa. Mmoja wao alipokwisha kunywa aliuliza, "Kwani hapa pana nini?" Akaelezwa. Akasema kama ni hivyo yeye anarudi kwake, na wenzake wakamfuata. Lori lilirudi nyuma tupu, kinyumenyume, maana hata pa kugeuzia hapakuwepo. Hapo kwenye kinyumenyume ndipo Mama Mdogo alipokuwa akicheka mpaka sindano ikimwanguka.

Siku zilizofuata walikaa tena. Na mume wa Mama Mdogo, mzee mkimya ambaye mpaka leo nikimkumbuka naikumbuka kwanza harufu ya mafuta ya taa, alifungua magunia dukani, na mchele ukapikwa uani kwetu ukapelekwa kwa kila nyumba ya aliyegoma. Hakumwambia mtu kuwa ni wake. Mwisho wa mambo serikali ililegeza, makuli wakaongezwa ujira. Si kikubwa walichopata, lakini walikipata bila ya mtu kutoka damu, na Baba alisema tangu siku ile Mzungu bandarini hakuwa mrefu tena kama alivyokuwa.

Kisha vikaja vyama, na mambo yakageuka. Kususia kule walikomfanyia Mwingereza watu wakafanyiana wenyewe. Wa chama hiki hawanunui kwa wa chama kile, hawazikani, hawaalikani harusini. Watu wa chama cha Baba walikuja kumwambia Mama asinunue tena katika duka la mbele. Mama akawa anapita mlango wa uani, anapanda ngazi, na Mama Mdogo anamshushia sukari ndani ya upindo wa buibui. Nilipomuuliza kwa nini anajificha, aliniambia, "Sijifichi. Nnawasitiri wao na haya zao."

Baba akafa kwa kifua kabla ya bendera ya Mwingereza kuteremka. Mzee wa duka ndiye aliyetoa sanda.

Mapinduzi yalipotokea nilikuwa sijatimia miaka ishirini. Siku zile za Januari Mama aliwateremsha Mama Mdogo na mumewe, akawatia katika chumba chetu cha ndani, akakaa mlangoni na kofia yake. Vijana wenye marungu wakaja.

"Humo ndani mna nani?"

"Mna wanangu," Mama akasema, wala hakuinua macho.

Wakapita. Baadaye mambo yakatulia, watu wakarudi sokoni, na mzee akafungua duka. Tukadhani yamekwisha.

Walimchukua masika yalipoanza. Ilikuwa mchana, nami nilikuwa dukani nikinunua sabuni. Waliingia watu wawili, hawana fujo, wakamwamkia vizuri. Mmoja akasema, "Mzee, unaitwa ofisini." Alikuwa akimpimia mtu sukari. Aliimaliza kuipima, akaifunga karatasi, akampa mwenyewe, akajifuta mikono, akavaa kofia yake. Akaniambia, "Mwambie Mama yako Mdogo kuwa nimetoka." Hakusema anakwenda wapi. Nami sikupanda ngazi mara moja. Nilisimama pale na sabuni yangu nikiwatazama mpaka walipokata kona.

Hatukuambiwa kosa lake. Wengine walisema duka lake lilikuwa likikusanya watu. Mwenye duka gani asiyekusanya watu?

Tulipeleka chakula kwenye jengo la ofisi hiyo, walikowekwa waliochukuliwa, kikapokewa. Siku ya tatu hakikupokewa. Mama Mdogo alirudi na bakuli lake lililofunikwa kawa, akaliweka mezani, akakaa akilitazama. Mama ndiye aliyesema.

"Shoga, tukakae."

"Tukakae wapi?"

"Mlangoni kwao. Mwingereza aliona haya, na hakuwa mtu wa dini yetu wala lugha yetu. Hawa ni watoto wetu. Hawatatuona?"

Mama aliyasema haya kwa yakini. Hakuwa mjinga. Alikuwa mtu aliyekwisha kuliona jambo likifanyika, na kwa hivyo aliamini kuwa litafanyika tena.

Tulizunguka mji kuwatafuta wale wa zamani. Wengine walikwisha kufa. Wengine walikwisha kupanda meli kwenda Uarabuni na waume zao. Mmoja alitufungulia mlango nusu, akatusikiliza, akasema, "Nnao watoto, jamani," akaufunga taratibu. Tulifika Funguni kwa yule mama muuza samaki. Alitukaribisha, akatupa maji, na Mama alipomweleza aliinamisha kichwa.

"Mwanangu yumo katika ofisi hiyo," akasema. "Ni mkubwa sasa. Ntakaaje mlangoni kwake?"

"Basi ndiyo bora," Mama akasema. "Wewe ndiye utakayemwambia ainuke atufungulie."

"Siwezi, Bibi. Nisamehe."

Hatukufika hata watu wa kujaza mkeka mmoja mkubwa. Mimi nilikwenda kwa sababu Mama aliniambia kuwa mara ya kwanza nilibebwa na mara hii nitembee kwa miguu yangu. Tulikwenda baada ya chai ya asubuhi, tukatandika mbele ya lango la lile jengo, tukakaa. Lango lilikuwa la chuma, pana, na tulikaa katikati yake hasa, kwa hivyo gari isingeweza kutoka. Askari wa langoni alitushangaa, akaingia ndani.

Aliyetoka alikuwa kijana aliyevaa nguo za kijani zilizopigwa pasi. Nilimjua kwa sura, alifanana mno na mama yake, yule muuza samaki. Akavua kofia.

"Shikamooni, mama zangu."

"Marahaba, mwanangu," Mama akasema. Uso ulimtakata. Alidhani tumekwisha fika.

"Mbona mmekaa chini? Jua hili."

"Tumekuja kumwombea mwenzetu. Mzee wa duka Malindi. Hana siasa yule, mwanangu, mwulize mama yako. Mchele aliopika mama yako siku za mgomo ulitoka kwake."

"Naam, najua."

"Wewe mwenyewe ulikuwepo. Mama yako alikupakata."

"Nakumbuka," akasema. Akageuka nyuma, akawaambia askari walete mabenchi.

Yakaletwa mabenchi mawili mazuri, ya mbao, yakawekwa pembeni chini ya ukuta penye kivuli. Akamshika Mama mkono mwenyewe, kwa adabu, akamwinua kama mtu anavyomwinua mzazi wake. Tungekataaje? Alikuwa anatuheshimu. Tukainuka, tukaenda kukaa kwenye mabenchi, na mkeka wetu ukakunjwa ukawekwa miguuni mwetu. Tukaletewa maji, kisha chai ya maziwa. Akasema atalishughulikia, tungoje.

Tulipokuwa tukinywa chai Mama Mdogo alilitazama lango ambalo sasa lilikuwa wazi, hakuna mtu mbele yake. Akamgeukia Mama, akasema polepole, "Shoga, tumeinuliwa."

Mama hakurudi chini. Nafikiri aliona haya kurudi chini baada ya kuwa amepewa benchi na chai.

Ilipokaribia adhuhuri tulisikia mota nyuma ya jengo. Hatukuijali, maana lango la mbele halikupita kitu. Muda si muda mwanamke mmoja wa nyumba za upande wa pili alipita karibu yetu na ndoo ya maji, akasema bila ya kusimama, "Bibi zangu, mnamngoja nani? Wameshatolewa kwa mlango wa nyuma."

Mama alinyanyuka. Yule kijana alikuwa amesimama langoni, na Mama alimwendea mpaka wakakaribiana.

"Wewe ni mtoto wetu," Mama akasema.

"Ndiyo, mama."

"Nasi tulikuwa tumekaa njiani."

Kijana hakumtazama usoni. Alijibu kwa sauti ambayo sikuitazamia, sauti ya mtu aliyechoka. "Nakumbuka mlivyokaa bandarini, mama. Ndiyo maana nimewaletea mabenchi."

Tulirudi Malindi. Mama Mdogo alitembea mbele peke yake, na buibui lilikuwa limemteremka mabegani asijue.

Baada ya hapo hakukuja habari. Wengine walituambia yuko bara, wengine wakasema kisiwani. Duka likafungwa, kisha nyumba ikawa ya serikali, na juu wakaja kukaa watu wengine, watu wema, hawana kosa. Mama Mdogo akateremka kukaa na sisi katika vyumba viwili alivyotupangisha. Mimi nikapata kazi ya ualimu wa watoto wadogo, na mshahara wangu ndio uliotuweka.

Lililomsumbua zaidi ya nyumba ni kwamba hakujijua ni nani. Mume akifa mke hukaa eda, watu wakaja kumpa pole, siku zikatimia akatoka. Mume akiwa hai mke hujitia udi akangojea. Yeye hakuweza hili wala lile. Watu wakikutana naye Darajani walikuwa hawajui la kumwambia, kwa hivyo wakimwamkia haraka wakipita. Harusini hakwenda, maana asingeweza kupaka hina. Msibani hakwenda, maana wakiomboleza wenzake angeanza yeye na asingeweza kueleza anamlilia nani. Alimwuliza sheikh mmoja, na sheikh akamwambia asubiri. Akamwuliza mwengine, naye akamwambia asubiri. "Kusubiri najua," alituambia jikoni. "Nnachouliza ni nisubiri nikiwa nani."

Alasiri waliendelea kushona kofia, lakini habari ya lori hawakuisimulia tena. Niliwahi kuwakumbusha, nikitaka wacheke. Mama akanipa sindano nimtungie uzi.

Miaka ikapita hivyo. Tukaingia katika miaka ya sabini na foleni zake, foleni ya mchele, foleni ya unga, foleni ya sabuni. Asubuhi moja nilikuwa najitayarisha kwenda skuli nikasikia hodi uani. Alikuwa yule mama muuza samaki wa Funguni. Amezeeka, na kanga aliyojifunga ilikuwa haikulingana na mwenzake, kama mtu aliyevaa gizani. Mama Mdogo alikuwa akichambua mchicha. Mama alimkaribisha, akakataa kukaa.

"Wamemchukua mwanangu," akasema.

Yalikuwa yametokea mambo makubwa mjini wakati huo, na watu wengi walikuwa wakichukuliwa, hata waliokuwa wakiwachukua wenzao.

"Bibi," akamwambia Mama, "nimekuja kukuomba tukakae. Nnajua sikuja mliponiita. Lakini sina mwengine wa kumwomba, waliobaki ni nyinyi tu."

Mama alimtazama Mama Mdogo. Mama Mdogo aliweka kisu chini.

"Mume wangu yuko wapi?" akauliza.

Yule mama akaanza kulia.

"Sikuulizi kwa ubaya. Mwanao alikuwamo. Hakukwambia kitu?"

"Aliniambia," akasema. "Aliniambia mwaka ule ule. Akaniapisha nisiseme."

"Sema sasa."

"Alikufa. Kabla ya Ramadhani ile iliyofuata. Maradhi ya tumbo, hakukaa sana."

Nilitazamia Mama Mdogo apige kelele, lakini aliuliza maswali yake moja moja, kama anayeulizia mgonjwa.

"Alioshwa?"

"Alioshwa. Wenzake aliokuwa nao walimwosha."

"Sanda?"

"Walitumia shuka. Ilikuwa nyeupe, alisema."

"Walimsalia?"

"Walimsalia."

"Kazikwa wapi?"

"Hapo ndipo asiponiambia. Wallahi sikufichi."

Mama Mdogo akachukua mchicha akaendelea kuuchambua. Mikono yake ilikuwa ikitupa majani na kubakisha vijiti. Kisha akasema, "Shoga, nenda nae. Mie siwezi. Lakini wewe nenda, asikae peke yake."

Nilimtazama Mama nikidhani atakataa. Alikwenda chumbani akavaa buibui, akatoka, na wakaondoka pamoja wale wazee wawili, mmoja amemshika mwenzake kiwiko.

Walirudi kabla ya adhuhuri. Nilipotoka skuli niliwakuta wamekaa ukumbini, miguu ya Mama imevimba. Hawakuachiliwa hata kutandika. Askari aliwaambia hapo hapakai mtu, na walipokaa pembeni aliwafuata pembeni, na walipovuka njia aliwafuata ng'ambo ya njia. Alikuwa kijana mdogo sana. Mama alimwambia miguu inamuuma. Akamjibu kuwa hospitali iko Mnazimmoja.

Mama Mdogo alikwenda tena kwa sheikh, safari hii mimi nikamsindikiza. Akamweleza kuwa sasa amepata habari ya kweli, na kwamba anataka kukaa eda ya mumewe. Sheikh alikuwa mtu mpole. Alifikiri, akamwuliza mume alifariki lini, akamwambia, "Binti yangu, eda huhesabiwa tangu siku ya mauti, si siku ya habari. Yako imekwisha zamani."

"Imekwisha?"

"Imekwisha. Wewe huna eda."

Tuliporudi alisimama katikati ya uchochoro akasema, "Kumbe nilikuwa mjane na nilikuwa nakwenda sokoni." Hapo ndipo alipolia, kwa mara ya kwanza mbele yangu, ameegemea ukuta wa nyumba ya watu, na mtoto wa nyumba hiyo akatoka na kiti akampa.

Tukamsomea mzee hitima. Mchele haukupatikana, basi tukapika muhogo kwa nazi. Samaki alileta yule mama wa Funguni, akawakaanga mwenyewe uani kwetu, na watu walipokwisha kula aliosha vyombo vyote asimruhusu mtu kumsaidia. Walikuja watu wengi kuliko tulivyotazamia. Walikuja hata makuli wa zamani, wazee wenye migongo iliyopinda, wakakaa barazani. Mmoja wao alimwambia Mama kuwa hakujua maisha yake yote kwamba ule mchele wa siku za mgomo ulikuwa wa nani. Watu walimpa Mama Mdogo pole. Kila aliyempa alimshika mkono, akaukaza, akampisha mwengine. Pole za miaka yote zilikuja kwa mchana mmoja, naye akizipokea, "Tushapoa, tushapoa," mpaka sauti ikamkauka.

Mtoto wa yule mama aliachiwa baadaye, amekonda, na hakukaa mjini. Sikuwahi kumsikia akisema lolote, na mama yake hakurudi tena kwetu.

Haukupita mwaka Mama Mdogo akasema anataka kwenda Bwejuu, kwa jamaa za bibi yake. Alisema kule watu wanakaanga muhogo hadharani bila ya kuchunguzana. Mama hakumzuia. Siku ya safari tulimsindikiza mpaka kwenye gari la shamba, na kwa kuwa lilichelewa kujaa nilikaa naye kwenye ubao wa ndani, kikapu chake magotini mwangu. Nilikuwa na jambo la kumwambia. Skulini tulikuwa tumetakiwa tuwasomeshe watoto namna nchi ilivyojikomboa, na katika yote tuliyopewa kuwasomesha hawakuwemo kina mama waliokaa njiani. Nilimwambia kuwa nimewasimulia watoto kwa kinywa changu.

"Umewaambia la lori?"

"Nimewaambia."

"Wakacheka?"

"Kwenye kinyumenyume walicheka."

Akaridhika. Halafu akauliza, "Na la mabenchi?"

"Hilo sikuwaambia. Bado wadogo." Kisha nikamwambia kweli yangu, kwamba ninamchukia yule kijana, na kwamba kila nikilala namwona akivua kofia kutuamkia.

Mama Mdogo alichukua kikapu chake kutoka magotini mwangu akakiweka chini ya miguu yake.

"Wewe usimchukie," akasema. "Una miaka mingi mbele. Mie nnamchukia, yatosha."

Utingo akapiga bodi la gari, nikateremka. Mama alikuwa amesimama kwenye jua, hakukubali kukaa. Gari lilipoondoka hakupunga mkono, alilitazama tu mpaka likapotea Mikunguni, kisha akaniuliza kama ni kweli mafuta ya taa yameletwa Darajani, maana nyumbani hatuna hata tone. Tukaenda kusimama kwenye foleni.